Jean-Nicolas-Louis Durand, mtoto wa fundi viatu aliyepanga majengo kwa aina

Wataalamu wa mipango miji huanza na swali moja: jengo hili ni la kazi gani? Ni makazi, soko, shule au hospitali? Leo swali hilo ni la kawaida, lakini yupo mtu aliyelifanya kuwa msingi wa somo zima la usanifu majengo. Tunamwangazia Mfaransa Jean-Nicolas-Louis Durand.

Durand alizaliwa Paris mwaka 1760, baba yake akiwa fundi viatu. Kazi aliijifunza kwa msanifu mashuhuri Étienne-Louis Boullée, na mara mbili, mwaka 1779 na 1780, alishika nafasi ya pili katika shindano la Prix de Rome.

Baada ya Mapinduzi ya 1789, Ufaransa ilihitaji wahandisi kwa haraka. Mwaka 1794 kikaanzishwa chuo kilichokuja kujulikana kama École Polytechnique, na Durand alifundisha usanifu hapo hadi miaka ya 1830. Wanafunzi wake walikuwa wahandisi waliotengewa saa chache tu za somo hilo, hivyo alihitaji njia fupi.

Mnamo mwaka 1800 alitoa kitabu kikubwa cha michoro. Majengo ya nchi na zama mbalimbali aliyapanga kwa aina, mahekalu pamoja, masoko pamoja, kumbi za maigizo pamoja, yote kwa kipimo kimoja. Kwa mara moja msomaji aliona lipi kubwa, lipi dogo, na yanafanana wapi.

Katika kitabu chake cha masomo cha 1802 hadi 1805, alifundisha kupanga kuta na nguzo juu ya miraba. Kwake, jengo jema lilifaa kazi yake bila kupoteza fedha za umma. Alipiga hesabu kuonyesha kuwa Panthéon ya Paris ingegharimu takriban nusu tu kama ingejengwa kwa umbo la duara.

Si wote waliokubali. Msanifu Mjerumani Gottfried Semper aliikejeli miraba hiyo, akiiona ni kimbilio la wasio na mawazo. Hoja hiyo ina uzito: hospitali mbili zaweza kuwa za aina moja, lakini hali ya hewa, mtaa na watu wake vikatofautiana.

Durand alifariki dunia mwaka 1834. Ametuachia njia ya kulinganisha majengo, pamoja na tahadhari kwamba kujua aina ya jengo hakutoshi kujua watakaolitumia.