Abu Raihan al-Biruni na Wingi wa Elimu

Wako wasemao ya kuwa mtoto akisomeshwa elimu nyingi, akili yake hugawika asiipate hata moja. Na tutazame maisha ya Abu Raihan Muhammad bin Ahmad al-Biruni, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Alizaliwa mwaka 973 (362 Hijria) katika mji wa Kath, nchi ya Khwarizm, ambayo sehemu yake leo imo katika Uzbekistan. Mwalimu wake alikuwa Abu Nasr Mansur bin Iraq, bingwa wa hisabu na falaki. Hakuanza kwa kudokoa huku na huku. Hisabu aliishika mpaka ikamkaa.

Hiyo ndiyo iliyomfungulia milango mingine. Kwa hisabu ya pembetatu alihakikisha mji wa Ghazna uko wapi juu ya ardhi, ili ujulikane upande wa kibla, akatunga kitabu juu ya jambo hilo mwaka 1025. Kwa hisabu hiyo hiyo alipanda mlima karibu na ngome ya Nandana, katika Pakistan ya leo, akapima kimo chake na jinsi upeo wa macho unavyoinama, akapata kadiri ya ukubwa wa dunia.

Mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazna aliiteka Khwarizm, naye al-Biruni akachukuliwa Ghazna, hali umri wake umepita miaka 40. Huko alijifunza Kisanskriti, akazichungua elimu za Wahindi kwa mwendo aliouzoea katika falaki: kukusanya, kulinganisha, kisha ndipo kuhukumu. Kitabu chake juu ya Bara Hindi, alichokimaliza karibu na mwaka 1030, chasomwa hata leo. Uzeeni alitunga kitabu cha dawa, na lugha alizojifunza zikamfaa kuzitaja dawa hizo kwa majina ya mataifa mbalimbali.

Imepokewa kuwa alipokuwa mahututi alimwuliza fakihi aliyemzuru mas'ala ya urithi wa mabibi. Fakihi akastaajabu; naye akamjibu ya kwamba kufa akiyajua ni bora kuliko kufa asiyajue. Akafafanuliwa, akayahifadhi. Fakihi alipokuwa njiani akasikia vilio.

Basi mwenye kuonja kila chungu hashibi. Bali aishikaye elimu moja barabara huifanya ngazi ya kupandia ya pili. Na mzazi aogopaye kumsomesha mwanawe hisabu pamoja na Kurani, na akumbuke kuwa kibla cha Ghazna kilitafutwa kwa hisabu.