Mikhail Tsvet: vita ilimfukuza mji kwa mji, kazi yake ikabaki

Wakaaji wa komine ya Mulekera, mjini Beni, wanajua maana ya kufunga mizigo haraka na kuacha shamba nyuma. Mwanasayansi Mikhail Tsvet pia alikimbia vita mara na mara. Kazi aliyoacha inatumika leo kuchunguza mafuta, dawa na harufu ya kakao.

Alizaliwa Asti, inchi ya Italia, tarehe 14 Mei 1872. Baba yake alikuwa Mrusi. Mama yake alikufa mapema. Alisoma Genève, akapata doktora mwaka wa 1896. Alipofika Urusi, diploma hiyo haikutambuliwa, akalazimika kutafuta nyingine.

Mwaka wa 1903, mjini Warszawa, alieleza njia mpya. Alijaza unga kama wa chaki ndani ya mrija wa kioo, akamimina rangi iliyotolewa katika majani ya miti. Rangi zilishuka kwa mwendo tofauti, kijani mbali na manjano. Mwaka wa 1906 aliita njia hiyo kromatografia. Wanakemia wengi hawakuijali.

Mwaka wa 1915 Wajerumani waliteka Warszawa, naye akahamia Moscow, kisha Nizhny Novgorod. Mwaka wa 1917 alipewa kazi ya profesa Yuryev, leo Tartu, inchi ya Estonia. Mwaka uliofuata vita ilimfukuza tena mpaka Voronezh. Alikufa huko tarehe 26 Juni 1919, akiwa na miaka 47.

Njia yake ilifufuliwa Heidelberg mwaka wa 1931. Mwaka wa 1952, James na Martin wa Uingereza walitangaza namna ya kutumia gazi kusukuma vitu ndani ya mrija.

Lakini dakika za kutoka hubadilika kwa kila mashine. Mwaka wa 1958, Ervin Kováts, aliyefanya kazi Uswisi, alileta hesabu. Heksani, yenye kaboni 6, inapewa 600; heptani, yenye kaboni 7, inapewa 700. Tuseme joto halibadiliki, na tumeshaondoa muda wa gazi isiyozuiliwa njiani. Heksani inatoka kwa dakika 4, heptani kwa dakika 9, na kitu kisichojulikana kwa dakika 6. Sasa, 4 mara 1,5 ni 6, na 6 mara 1,5 ni 9. Kitu hicho kiko katikati: namba yake ni 650. Mrija wa aina ile ile, kwa joto lile lile, utatoa karibu 650 hata katika maabara ya mbali.

Msingi ni ule wa Tsvet: kila kitu kinajulikana kwa namna kinavyochelewa njiani.