Mwalimu na Kura Tatu za Tabora

Wengi wetu tunamjua Nyerere wa kwenye noti ya elfu moja. Mimi, mtoto wa Tabora ninayesomea ualimu, navutiwa zaidi na yule wa Januari 1958: mwalimu wa miaka 35 aliyeacha kazi, akiwaomba wenzake waingie kwenye uchaguzi ambao hata yeye aliona si wa haki.

Tabora hakuwa mgeni. Alianza shule pale mwaka 1937, na baada ya Makerere akarudi kufundisha St. Mary's. Mji wenyewe ni njia panda ya zamani: misafara kutoka Bagamoyo ilifika hapo ndipo ikagawanyika, mingine Ujiji, mingine kaskazini. TANU nayo ilifanyia mkutano wake hapo, ikakuta njia mbili.

Waingereza walitaka kila jimbo, yaani mkoa wa siku hizo, litoe wajumbe watatu wa Baraza la Kutunga Sheria: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Mpiga kura alilazimika kuchagua wote watatu. Tena alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya miaka minane, au cheo kinachotambulika. Wanachama wengi wa TANU hawakuwa na hata kimoja.

Wengi walitaka kususa. Nyerere akabishana nao kwamba wakisusa, viti vitaenda kwa UTP, chama kilichopendwa na gavana. Mwishowe wakakubali, na hatua ile ikaja kuitwa Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu alikataa, akajitoa na kuanzisha ANC.

Septemba mwaka huohuo Nyerere akagombea Jimbo la Mashariki, kule Bagamoyo na Morogoro ilikoanzia ile njia ya misafara. Akamshinda Patrick Kunambi. Wagombea Waasia na Wazungu waliopewa mkono na TANU nao wakapita. Kufikia uchaguzi wa 1960, kura tatu hazikuwepo tena, na lile jimbo kubwa likagawanywa. Desemba 1961, uhuru.

Kinachonigusa ni wale wasio na kura. Walilipa ada ya chama, wakajaza mikutano, halafu siku ya kupiga kura wakabaki nje. Sisi hapa chuoni kila mtu anayo, bure, na bado tunasema eti haibadilishi kitu.