Franz Stuhlmann na Samaki wa Madimbwi ya Unguja

Jina la Franz Stuhlmann wengi wetu tulilisikia katika somo la historia, pale alipotajwa Emin Pasha na kuanzishwa kwa kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890. Mwaka uliofuata watu hao walipita Karagwe, kaskazini mwa Murukulazo yetu, wakielekea Ziwa Edward na milima ya Ruwenzori. Leo tunamkumbuka kwa jambo dogo kuliko safari hizo: yai la samaki.

Stuhlmann alizaliwa Hamburg mwaka 1863. Tasnifu yake ya mwaka 1886 ilieleza jinsi mayai ya wadudu, buibui na jamaa zao yanavyokomaa. Basi alipotumwa Zanzibar mwaka 1888 kukusanya wanyama, hakuwa mgeni wa hadubini wala wa mayai.

Miongoni mwa samaki aliowapeleka Hamburg, wakiwa wamehifadhiwa kwenye spiriti, alikuwamo mdogo wa kutoshea kiganjani, ambaye dume lake lina mkia mwekundu. Georg Pfeffer alimweleza mwaka 1893 na kumpa jina la mtaalamu Albert Günther wa London. Leo anaitwa Nothobranchius guentheri, na kwao ni Unguja.

Samaki huyu huishi kwenye madimbwi ya msimu. Dimbwi likikauka, wakubwa wote hufa. Mayai hubaki ndani ya matope makavu, kwa miezi, mpaka mvua irudi. Na ndani ya yai hilo hutokea jambo ambalo hata samaki wengi hawana. Kwa kawaida seli za kiinitete hukaa karibu karibu zikijenga mwili. Hapa hutawanyika juu ya kiini cha njano, kila moja peke yake, mpaka ukitazama huoni kichwa wala mgongo, seli tu zinazotangatanga. Zinaweza kusimama katika hali hiyo kwa muda mrefu. Kisha hukusanyika tena, zikashikana, na mwili ukaanza. Mmarekani John Wourms aliyaeleza haya kwa kina mwaka 1972, kwa samaki wa Amerika Kusini wenye maisha ya namna hiyo hiyo.

Seli husafirije bila miguu? Huchomoza sehemu ya mwili wake mbele, hushika kilicho jirani, hujivuta, kisha huachia nyuma. Aliyepanda mlima wa utelezi wakati wa masika ataelewa: usiposhika huendi, na ukishika usiachie pia huendi. Katika ngozi ya seli zimo protini ziitwazo kaderini zinazozifunga seli moja kwa nyingine. Kiasi cha kushikana huamua nani asafiri na nani atulie.

Stuhlmann hakuyaona hayo. Alikuwa na macho ya kuyaona, ila siku zake zilienda kwingine. Vita vya Abushiri vilipozuka pwani alijiunga na jeshi la Wissmann, upande wa wavamizi, na hilo hatulifichi kwa sababu tu alikuwa msomi. Katika msafara wa Emin ndui iliwashambulia watu wao. Desemba 1891 Emin alimtuma arudi na wale wazima, akabaki yeye na wagonjwa. Emin aliuawa Kongo mwaka uliofuata. Wapagazi waliobeba masanduku ya vielelezo hawana samaki wenye majina yao.

Kitabu chake cha safari kilitoka mwaka 1894. Mwaka 1902 alipewa kuongoza taasisi mpya ya utafiti wa kilimo Amani, katika milima ya Usambara, kisha akarudi Hamburg. Huko alifariki mwaka 1928. Samaki wake walikuwa makumbusho, wafu ndani ya chupa. Mayai yaliyo hai yalikuwa bado kwenye matope ya Unguja, yakisubiri mvua.