Swema, mtoto aliyechukuliwa kwa deni la nafaka

Mkunazini, mjini Zanzibar, ndipo palipokuwa na soko la watumwa. Maelfu ya watu waliuzwa katika kisiwa kile, na wachache sana tunawajua kwa majina. Mmoja wao ni Swema, msichana wa Kiyao aliyefikishwa Zanzibar karibu mwaka 1865, akiwa na umri wa miaka kama 10. Tunakifahamu kisa chake kwa sababu alikisimulia kwa wamisionari wa Kikatoliki waliomtunza, nao wakakiandika. Kilichapishwa Ufaransa mwaka 1870.

Njaa, kisha deni

Swema alizaliwa katika nchi ya Wayao, ng'ambo ya mto Ruvuma, sehemu ambayo leo ni kaskazini mwa Msumbiji. Baba yake alikuwa mwindaji, akauawa na simba. Baadaye nzige walivamia mashamba, na ndugu zake Swema wakafariki. Wakabaki wawili tu, mama na binti.

Mama alikopa nafaka ili waweze kuanza upya. Hapo msikilizaji wetu wa Mogitu, Endasak au Katesh hahitaji maelezo mengi. Mwaka wa njaa, mwenye ghala ndiye mwenye sauti. Mavuno yalipokosekana, deni lilibaki palepale.

Zama zile, mdai aliyekosa kulipwa aliweza kuchukua mtu wa nyumba ya mdaiwa. Mjane asiye na wa kumtetea alikuwa hatarini zaidi. Msafara wa wafanyabiashara Waarabu ulipopita, mdai alimchukua Swema akamkabidhi kwao, naye akalipwa kwa kitambaa cha pamba kilichoitwa merikani.

Mama aomba kwenda naye

Mama hakuwa ameuzwa. Deni lilikwisha kwa kumtoa mtoto, na yeye angeweza kubaki kijijini. Badala yake alimfuata kiongozi wa msafara akamwomba amchukue naye pia. Akakubali kubeba pembe ya ndovu, mradi awe karibu na binti yake. Kwa wenye msafara hiyo ilikuwa faida, kwa kuwa walipata mpagazi bila kumnunua.

Hivyo wawili hao wakawa pamoja tena, mikononi mwa watu wasiowajua. Haikudumu. Kutoka nchi ya Wayao hadi Kilwa ni mwendo wa majuma kadhaa kwa miguu, na mama alikuwa amekwisha dhoofika kwa njaa. Nguvu zilipomwishia asiweze kubeba mzigo, wenye msafara hawakuona sababu ya kuendelea kumlisha. Swema alimgawia sehemu ya chakula chake. Mwishowe waliamua kumwacha mama njiani. Mtoto aliambiwa aendelee na safari, akakataa, akapigwa na kutenganishwa naye kwa nguvu. Hawakuonana tena.

Azikwa akiwa hai

Tangu siku ile Swema alikataa chakula. Alifika Kilwa akiwa mgonjwa, akapakiwa kwenye jahazi lililojaa watu hadi Zanzibar. Ifahamike kwamba safari hiyo haikuvunja sheria. Mkataba wa mwaka 1845 kati ya Sultani Said na Waingereza ulizuia kupeleka watumwa nje ya himaya yake, lakini kuwasafirisha kutoka Kilwa kwenda Zanzibar kuliendelea kuruhusiwa.

Zanzibar, wenye mali walimtazama wakaona hatapona wala hatauzika. Wakamfunga kwenye mkeka na kumfukia katika kaburi la kina kifupi, angali hai. Kijana mmoja mwenye asili ya kisiwa cha Réunion alisikia sauti ya kuugua, akamfukua na kumpeleka kwa wamisionari. Masista wakamuuguza hadi akapona.

Baadaye aliletwa hapo misheni Mwarabu mmoja aliyejeruhiwa. Swema alipoambiwa asaidie kumhudumia, akamtambua: ni yule aliyeongoza msafara uliomwacha mama yake. Alipambana sana na moyo wake, kisha akamsamehe na kumfunga vidonda. Alipobatizwa, akapewa jina la Madeleine.

Tukipokeeje kisa hiki

Waliokiandika walikuwa wamisionari, na walikiandika ili Wazungu wasomaji waguswe na kuchangia kazi yao. Sehemu ya msamaha ndiyo waliyoipa uzito mkubwa. Hata hivyo watafiti, akiwemo mwanahistoria Edward Alpers, wameuchambua na kuona kwamba unaeleza vizuri jinsi njaa, deni na ujane vilivyowaingiza wanawake na watoto utumwani. Wengi tumezoea kusikia habari za vita na uvamizi. Swema hakutekwa vitani. Aliondolewa nyumbani na jirani aliyekuwa akidai.

Mwezi Juni 1873, Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa na kupiga marufuku kuwasafirisha kwa bahari. Zanzibar ilifuta hadhi ya utumwa kisheria mwaka 1897, na Tanganyika ikafuata mwaka 1922. Kwa Swema na mama yake, yote hayo yalichelewa.

Leo Tanzania ina sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu. Kumtoa mtoto kwa mgeni ili kufuta deni, au kwa ahadi ya kazi mjini, kunaweza kuwafikisha mahakamani aliyemtoa na aliyempokea. Mama yake Swema hakuwa na ofisi ya kijiji wala kituo cha polisi cha kukimbilia. Sisi tunavyo, na mtu akija na ahadi ya namna hiyo, tuwape taarifa mapema, kabla mtoto hajaondoka.