Caroline Herschel: dada aliyetwanga mavi ya farasi ili nyota zionekane

Kinu, kila nyumba ya Uvira inakijua. Leo ni cha sombe, kesho ni cha mihogo mikavu. Lakini mwaka 1781, katika mji wa Bath kule Uingereza, kulikuwa na dada mmoja mfupi sana aliyekaa saa nyingi mbele ya kinu akitwanga mavi ya farasi. Akimaliza kutwanga anachekecha, mpaka yanakuwa laini kama unga wa bugali. Jina lake ni Caroline Herschel, na hayo mavi yalikuwa ya kutengenezea darubini.

Alizaliwa tarehe 16 Machi 1750 mjini Hannover, Ujerumani. Baba alikuwa mpiga muziki wa jeshi. Ndui ilimwachia alama usoni, halafu akiwa na miaka kumi akapata homa kali iliyosimamisha mwili wake: hakuzidi sentimeta 130 mpaka mwisho wa maisha. Nyumbani wakaona huyu hataolewa. Mama akaamua abaki jikoni, afue, afume soksi za ndugu zake, na masomo yasizidi kujua kusoma na kuandika. Baba ndiye aliyekuwa anamfundisha muziki kidogo kidogo, na usiku mmoja wa baridi alimtoa nje akamwonyesha nyota.

Baba alikufa mwaka 1767. Yaya yake William, aliyemzidi miaka kumi na moja, alikuwa tayari anafundisha muziki Uingereza. Mwaka 1772 alikuja kumchukua dada yake, lakini mama hakukubali bure. Binti akienda, nani atafanya kazi ya nyumba? Hesabu hiyo hapa kwetu hatuhitaji kufundishwa. Ilibidi William aahidi kumtumia mama pesa kila mwaka za kumlipa mtu wa kushika nafasi ya Caroline. Ndivyo alivyotoka, akiwa na miaka 22.

Kule Bath alijifunza Kiingereza, hesabu, na kuimba, akaimba vizuri hata mbele ya watu wengi. Angeweza kuishi kwa sauti yake. Sasa huyo William akashikwa na ugonjwa wa nyota. Alitaka darubini kubwa, na za kununua zilikuwa ghali, basi akasema atatengeneza mwenyewe, mule mule ndani ya nyumba.

Ya kwanza ilikuwa ya lensi, zile glasi zilizoagizwa London. Bomba la kuzishika alilitengeneza Caroline kwa kartoni, refu karibu mita sita. Fikiria kartoni ya mita sita! Lilikuwa linapinda katikati, na zaidi ya William hakuna aliyeweza kuona kitu ndani yake. Wakabadilisha, wakatia bomba la bati.

Baadaye wakahamia kwenye vioo. Darubini ya namna hiyo inakusanya mwanga kwa kioo kilichochimbika kidogo, kinachokaa chini ya bomba, na kioo kikiwa kipana zaidi, nyota hafifu zaidi zinaonekana. Kioo chenyewe hakikuwa cha glasi. Kilikuwa cha shaba iliyochanganywa na bati, kikasubiwa, halafu kikasuguliwa mpaka king'ae. Chumba cha wageni kikajaa mafundi wa mbao, chumba kingine kikawa na mashine ya kukereza. Kusugua hakukatizwi katikati. Safari moja William hakuondoa mikono kwenye kioo kwa saa 16, na Caroline akawa anamtilia chakula mdomoni tonge kwa tonge, kama mtoto mchanga.

Ndipo yakaja yale mavi. William alitaka kioo chenye upana wa karibu sentimeta 90, akajenga tanuru ndani ya nyumba. Kwa kalibu, yaani lile umbo la kumiminia chuma kilichoyeyuka, walitumia udongo uliochanganywa na mavi ya farasi. Mavi yakikauka yanabaki nyuzi nyuzi za majani, zinashika udongo usipasuke na kuachia mvuke njia ya kutoka. Kwetu anayejenga nyumba ya udongo anatia majani makavu kwenye tope, sababu ni karibu ile ile. Walisubu mara mbili, na mara zote mbili kazi ikaharibika. Safari moja chuma cha moto kilitoboka kikatiririka sakafuni, mawe ya sakafu yakalipuka na kuruka juu mpaka dari, na wanaume wote wakakimbilia milangoni. William alianguka juu ya rundo la matofali, nguvu zimemwishia.

Mwezi Machi wa mwaka huo huo, kwa darubini ndogo zaidi waliyokuwa wametengeneza nyumbani, William alikuwa ameona sayari ambayo hakuna aliyeijua, ile tunayoiita Uranus. Mfalme akamwajiri kwa pauni 200 kwa mwaka. Muziki ukaisha, wa William na wa Caroline pia. Yeye hakuna aliyemuuliza kama anataka kuacha kuimba. Nionavyo mimi, hapo ndipo vitabu vingi vinapita haraka mno.

Kazi yake mpya ilikuwa kukaa usiku kucha kwenye baridi, kuandika kila anachotaja yaya yake juu ya ngazi, na asubuhi kupiga hesabu zote. Hesabu hizo zilitumiwa na wataalamu wa Ulaya nzima, na mwenye kuzipiga hakuwahi kushika kichwani jedwali la kuzidisha. Alitembea nalo kwenye karatasi. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1783, akikimbia gizani juu ya theluji, aliingiwa na ndoano ya chuma ya darubini juu ya goti. Walipomnyanyua, kipande cha nyama kilibaki kwenye ndoano.

Akipata nafasi alitafuta vitu vyake mwenyewe kwa darubini ndogo. Mwindaji wa nyota zenye mkia anangoja usiku usio na mwezi, kama wavuvi wetu wa ndakala wanavyongoja giza ndipo watoke na taa zao. Tarehe 1 Agosti 1786, William akiwa safarini, Caroline aliona moja. Kesho yake alihakikisha kwamba imesogea, akaandika barua kwa wataalamu. Mwaka uliofuata mfalme akampangia pauni 50 kwa mwaka, na anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza Uingereza kulipwa kwa kazi ya sayansi. Alikuwa na miaka 37, na ndiyo pesa ya kwanza aliyoweza kutumia bila kumwomba mtu.

Jumla aliona nyota zenye mkia nane. Ile ya mwisho, ya mwaka 1797, hakungoja posta. Alilala saa moja tu, akapanda farasi mpaka Greenwich kupeleka habari mwenyewe.

William alikufa mwaka 1822 na Caroline akarudi Hannover. Mwaka 1828 wanaastronomia wa London walimpa nishani ya dhahabu. Alikufa tarehe 9 Januari 1848, akiwa na miaka 97.

Kitu kimoja alichokiona mwezi Septemba 1783 ni mkusanyiko mkubwa wa nyota ulio mbali sana, na leo unaitwa NGC 253. Kule Uingereza hakipandi juu, kinapita chini karibu na upeo wa macho, ndani ya ukungu. Uvira kinapita karibu na utosi. Mwanzoni mwa Novemba, kama saa tatu au saa nne usiku, umeme ukiwa umekatika na mwezi haupo, mwenye jumeli nzuri ataona kama kiwingu chembamba kilicholala.