Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui: Kadhi Aliyeshika Kalamu

Mhariri wetu aliponiomba niandike maisha ya mtu mmoja mashuhuri wa Pwani, nadhani alitaraji nitamchagua mwanasiasa au mchezaji mpira, maana tukikutana ndio tunaowazungumza. Mimi nimemchagua Kadhi. Wengi wetu tunamjua mwanawe, Profesa Ali Mazrui, aliyefariki mwaka 2014 na kuzikwa Mombasa katika makaburi ya jamaa zake karibu na Ngome. Lakini baba mtu, ambaye katika mji wetu alifanya kazi kubwa zaidi kwa maoni yangu, vijana wengi wanalijua jina lake tu.

Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa mwaka 1891 katika ukoo wa Mazrui, waliotawala mji huu mpaka mwaka 1837, Seyyid Said alipowaondoa. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdalla, alikuwa mwanachuoni mkubwa na mtu asiyeogopa. Asili ya ukoo ule ilikuwa Ibadhi, lakini yeye alishika madhehebu ya Shafii na kuyasomesha waziwazi, na kwa ajili hiyo Seyyid Barghash alimtia kifungoni. Hakutoka mpaka Barghash alipofariki mwaka 1888. Mtoto wake hakubahatika kusoma kwake, kwani mzee alifariki Al-Amin angali mdogo sana, akalelewa na kusomeshwa na Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, jamaa yake.

Hebu fikirini alikua katika wakati gani. Mwaka 1895 Waingereza waliishika Pwani, na Mazrui wa Gasi na Takaungu wakapigana nao chini ya Mbaruk bin Rashid, hata mwaka uliofuata Mbaruk akavuka mpaka akaingia upande wa Wadachi. Mwaka huo huo wa 1896 reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa. Basi mtoto huyu alifungua macho akaona nguvu za watu wake zimevunjika, na mji unajaa wageni, na serikali ni ya watu wa dini nyingine. Wengine katika hali kama hiyo walijifungia majumbani wakihesabu utukufu uliopita. Yeye alishika kitabu.

Alisoma Mombasa, kisha akawa akivuka kwenda Unguja, ambako ndiko kulikokuwa na mabingwa wa elimu wa zama zile. Huko alisoma kwa Seyyid Ahmad bin Sumeit na kwa Sheikh Abdalla Bakathir. Juu ya elimu hiyo ya vyuoni alikuwa msomaji wa maandishi yaliyotoka Misri, ya Sheikh Muhammad Abduh na mwanafunzi wake Rashid Rida, mwenye jarida la Al-Manar. Mabwana hawa walikuwa wakiuliza kwa nini Waislamu wamebaki nyuma ilhali dini yao inawaamrisha elimu, usafi, kazi na umoja. Sheikh Al-Amin alilichukua swali hilo akaliweka mbele ya watu wa Mombasa. Na jibu lake halikuwa la kuwapendeza.

Mwaka 1930 alianza kutoa karatasi iliyoitwa Sahifa, nayo ilikuwa kwa Kiswahili. Jambo hili sisi tuliozoea magazeti ya Kiswahili tangu utotoni hatulioni kuwa kubwa. Lakini wakati ule mwanachuoni alipotaka kuandika jambo la maana aliandika kwa Kiarabu, na Kiswahili aghlabu kilikuwa cha tenzi na mashairi. Kumwandikia mchukuzi wa bandarini na muuza samaki kwa maneno ya kila siku, tena juu ya mambo ya dini na siasa na mali, ilikuwa ni kuiteremsha elimu kutoka rafuni na kuitia mkononi mwa watu. Mwaka 1932 alitoa gazeti la pili, Al-Islah, maana yake matengenezo, lenye Kiswahili na Kiarabu pamoja.

Aliandika nini? Kwa kifupi, alisema imani ya mtu haionekani msikitini peke yake, bali huonekana katika mambo anayotumia fedha zake. Alikemea matanga na hitima za fakhari, ambapo jamaa wa maiti huongezewa msiba wa deni juu ya msiba wa kifo. Katika sharia ya dini, jirani ndio huwapikia wafiwa chakula. Sisi tumeigeuza, wafiwa ndio huwapikia jirani. Alikemea vile vile arusi za kushindana. Aliyakemea haya si kwa kuwa ni mtu wa kununa, bali kwa kuwa aliona nyumba na mashamba ya Waislamu yakiwekwa rehani na kuuzwa kwa karamu za siku tatu, na mkopeshaji akiingia mlango ambao mwenyewe alimfungulia. Nami, bila ya kumtaja mtu, nimewahi kuona shamba la minazi likienda kwa pilau ya arubaini. Basi ninaposoma maandishi yale ya 1930 huwa sihitaji kuelezwa.

Alikemea ramli, hirizi na kutegemea waganga, na kuomba haja kwenye makaburi. Aliwakataza watu kuiga Wazungu kwa nguo, ulevi na ngoma za dansi, halafu akawageuzia upande wa pili wa jambo hilo: akawalaumu kwa kuacha kuyaiga yale mema waliyokuwa nayo Wazungu, yaani bidii ya kazi, kutunza wakati, kusaidiana katika vyama vyao na kuipenda nchi yao. Aliona kuwa haya ni mafunzo ya Uislamu yaliyoangushwa na wenyewe yakaokotwa na wengine. Hapa ndipo ninapompenda zaidi. Mtu mwingine angemtukana mgeni akapigiwa makofi. Yeye alimtumia mgeni kuwa kioo, na aliyejiona vibaya ndani ya kioo kile alikuwa ni Mwislamu wa Mombasa.

Akataka watoto wa kike wasomeshwe. Hili lilikuwa gumu kwa wazee wengi, waliodhani msichana akijua kuandika atawaandikia wanaume barua. Sheikh alisema kutafuta elimu ni faradhi ya mwanamume na mwanamke, na mama asiyejua dini yake hawezi kulea watoto wanaoijua. Juu ya shule za serikali na za misheni, hakusema watoto wasiende kusoma. Alichohofia ni mtoto kutoka na ujuzi wa Kizungu huku hana dini wala Kiarabu. Kwa hiyo alishughulika kuanzisha madrasa ya Ghazali mjini Mombasa, akawatungia watoto vitabu vya kuanzia dini.

Tena kulikuwa na ule ugomvi wa makabila, ambao wazee wetu waliukumbuka kwa uchungu. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilimpa haki huyu kwa kuwa Mwarabu na ikamnyima yule kwa kuwa Mswahili, na watu wa msikiti mmoja wakagombana nani ni nani. Sheikh alikuwa Mwarabu wa ukoo wa watawala, na kimya kingemfaa. Badala yake aliwahimiza Waislamu wawe kitu kimoja, akawachoma kwa maneno wale waliousifu umoja barazani na kuuvunja walipofika nyumbani.

Sisemi kwamba yote aliyoandika nakubaliana nayo. Kalamu yake ilikuwa kali, na msomaji wa leo ataona mahali alipoifanya mila ya kawaida kuwa hatari kubwa. Baadhi ya wanavyuoni wa Pwani nao hawakupendezwa, na mabishano juu ya mila na bidaa yaliendelea miaka mingi baada yake, wanafunzi wake wengine wakiwa wakali kumpita.

Mwaka 1932 alifanywa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 Kadhi Mkuu wa Kenya, akashika kazi hiyo mpaka kufa kwake. Huko ndiko maneno ya Sahifa yalipokutana na watu wenye miguu. Mahakama ya Kadhi chini ya Waingereza iliachiwa mambo ya ndoa, talaka na mirathi, na katika hayo hapana kujificha: mume asiyetoa matumizi, kaka aliyekula fungu la dada yake, mayatima waliorithi deni. Kazi ya kuhukumu watu ilimwondoa katika kazi ya kuhariri gazeti. Kwangu mimi hiyo ni hasara, ingawa wadaiwa wa mirathi wa wakati ule wangenibishia.

Kusomesha hakuacha. Kwake alitoka Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu baada ya uhuru, na baada ya huyo Sheikh Abdulla Saleh Farsy wa Unguja, naye aliyepata kusoma kwake, akaishika kazi hiyo hiyo tangu mwaka 1968. Huyu Sheikh Abdulla ndiye aliyetoa tafsiri ya Kurani nzima kwa Kiswahili mwaka 1969, ambayo naamini imo katika nyumba nyingi za wasomaji wangu. Kabla yake zilikuwako ya Kasisi Godfrey Dale ya mwaka 1923 na ya Ahmadiyya ya mwaka 1953. Sheikh Al-Amin mwenyewe alianza tafsiri yake na maelezo, lakini hakuwahi kuimaliza. Aliandika pia kwa Kiarabu tarikhi ya Mazrui wa Mombasa, ambayo baadaye ilifasiriwa kwa Kiingereza.

Alifariki Mombasa mwaka 1947, umri wake miaka hamsini na sita. Mwanawe Ali alikuwa na miaka kumi na minne. Baba alikuwa amenuia kumpeleka Azhar, Misri, awe mwanachuoni kama wazee wake. Mauti yaliikata nia hiyo, na kijana akaishia Manchester, New York na Oxford.

Makala za Sahifa zilikusanywa katika kitabu kidogo kiitwacho Uwongozi. Mwaka 2017 kilichapishwa tena huko Leiden, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, kwa bei ambayo mchukuzi wa bandarini hawezi kuifikia. Mwenye nakala ya zamani nyumbani kwake, ya babu au ya mjomba, namwomba asiiuze kwa wafunga njugu. Ailete siku ya mkutano wetu tuitolee nakala.